Usifute beti za bibi yako

Mwanangu Zuhura,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua. Tangu uondoke nina neno limenikaa kifuani. Ulizitandaza mkekani daftari zake mbili, zote za utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858, ukaona beti hazilingani, ukashika kalamu nyekundu uzisahihishe. Nilikukataza bila kukupa sababu. Sababu niliipata zamani, nilipokuwa nasomea Kifaransa, kwa msomi aitwaye Paul Zumthor.

Alizaliwa Geneva mwaka 1915, akafundisha miaka mingi Amsterdam, kisha Montréal, na huko ndiko alikofia Januari 1995. Kazi yake ilikuwa mashairi ya Kifaransa ya zama za kati. Hayo nayo yametufikia kwa mikono ya wanakili, na nakala hazipatani. Wimbo wa Roland, katika nakala iliyoko Oxford, una mistari 4,000 hivi. Ziko nyingine zilizorefushwa hadi maradufu, na vina vikageuzwa. Wasomi wengi waliomtangulia walizipanga nakala kama ukoo, wakimsaka babu mmoja asiye na kosa. Zumthor, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alizipa tofauti hizo jina la mouvance. Mimi naielewa hivi: shairi lililoishi vinywani huhama na kila anayelighani, na kila nakala ni mahali lilipotua.

Aliandika pia juu ya watunzi wa makasri wa karne ya 15 na mwanzo wa ya 16, akina Jean Molinet, waliobezwa karne nyingi kwa kuchezea vina. Yeye aliwasoma kwa heshima. Sisi tuliolelewa kwa vina na mizani tungemwelewa upesi.

Lakini ninachompendea zaidi ni kumbukumbu yake ya utotoni, mitaani Paris. Mwimbaji alisimama njiani, watu wakamzunguka, wakaitikia kibwagizo. Maneno ya wimbo yaliuzwa kwa senti chache kwenye karatasi za rangi. Alipoyasoma baadaye peke yake, wimbo haukuwamo. Wimbo ulikuwa mtaa wenyewe, vicheko vya wasichana wa madukani, na mbingu ya saa ile. Kila nikisoma vitabu vyake namwona bado amesimama katika duara lile.

Sasa daftari. Jana nilimuuliza bibi mbona ziko mbili. Akaniambia moja aliipokea kwa mama yake, nyingine kwa somo wake alipokuwa mwari, na wote wawili walighani mbele yake mpaka akahifadhi. Nikamwomba anisomee. Alifumba macho, akaghani ya mama yake mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaanza ya somo wake kwa sauti nyingine kabisa.

Mama yako