Albamu ya Dolly Parton isiyosikika redioni

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wapenzi wa muziki wa kantri, ambao hapa Kenya ni wengi, kuhusu albamu ya Dolly Parton iitwayo The Grass Is Blue, iliyotoka mwaka 1999. Redio zetu humpiga Dolly mara kwa mara, lakini ni nyimbo zile zile za miaka ya sabini na themanini, ilhali albamu hii, ambayo kwangu ndiyo kazi yake bora kabisa, haisikiki.

Ndani yake mama huyu, mzaliwa wa milima ya Tennessee, Marekani, alirejea blugrasi, mtindo uliojengwa na Bill Monroe wa Kentucky miaka ya 1940, usiotegemea ngoma wala vyombo vya umeme. Sikiliza wimbo wa kwanza, uliotungwa na Billy Joel: banjo (ala ya nyuzi yenye tumbo kama la ngoma) ya Jim Mills inatimua mbio, mandolini (ala ndogo ya nyuzi inayofanana na gitaa) ya Sam Bush inashika mapigo ambayo kwingine yangeachiwa ngoma, na sauti ya Dolly inapaa juu yao bila kutetereka. Haikuwa ajabu kwamba mwaka 2001 ilitunukiwa Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya albamu bora ya blugrasi.

Isitoshe, banjo yenyewe ina asili ya Afrika Magharibi, kwa kuwa ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo.

Nawasihi watangazaji wa vipindi vya kantri waicheze albamu hii yote, japo Jumapili moja.

Msikilizaji,
Nakuru