Mtoto akiungua, dawa ya meno ibaki kwenye mswaki

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama lishe hapa Sabasaba, Dodoma. Mwaka wa kumi na moja huu nasimama mbele ya majiko matatu ya mkaa, na nimeungua mara nyingi hadi nimeacha kuhesabu. Ila kilichonifanya nishike kalamu si vidole vyangu.

Mwezi wa saba, kipindi kile upepo wetu unapobeba hadi mifuniko ya sufuria, mtoto wa mdogo wangu, wa miaka mitatu, alivuta kitambaa nilichokuwa nimeegeshea sufuria ya uji. Uji ukammwagikia mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Asiyepika hajui, lakini uji ni mbaya kuliko maji ya moto. Maji yanateremka, uji unang'ang'ania ngozi na kuendelea kuipika.

Sokoni kwetu huruma haina foleni. Kabla sijamfikia mtoto, mmoja alishakuja na dawa ya meno na kumkamulia karibu nusu ya tyubu. Wa pili akavunja yai juu yake, tena yai langu la chipsi za mteja. Wa tatu akaapa kwamba anamjua mtu Chang'ombe mwenye manyoya ya sungura, akapanda bodaboda kuyafuata. Nami sijitoi: niliufunga kanga mkono ule, yai na dawa ya meno vikiwa ndani. Ndoo ya maji ilikuwa hatua mbili kutoka pale na hakuna aliyeigusa, kwa sababu wote tumekua tukiambiwa kwamba maji yanaleta malengelenge.

Hospitalini muuguzi hakutugombeza. Alichukua chachi na maji akaanza kuibandua ile dawa ya meno, iliyokuwa imekauka kama chokaa ya ukutani. Kila kipande kilipotoka mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Kabla ya kuiondoa yote asingeweza kujua moto umeingia kiasi gani. Bangili ya shanga ilikuwa imezama kwenye uvimbe, ikabidi ikatwe kwa mkasi. Ndipo akaendelea kuumwagia mkono maji, ingawa ilikuwa imepita karibu saa nzima. Alisema ndani ya saa 3 tangu kuungua maji bado yanasaidia, ila yanasaidia zaidi yakiwahi.

Alichotufundisha ni hiki, nami nakiandika kama alivyosema. Maji safi ya kawaida, yasiwe ya barafu, yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Bomba likiwa halitoi, na Dodoma hilo si jambo la kushangaza, ndoo na kopo vinatosha. Dakika 20 ni za saa, si za kukisia. Jaribu kushika kopo muda wote huo uone mkono unavyochoka. Nguo, pete na bangili vitoke mapema kabla ya uvimbe, isipokuwa nguo iliyogandana na ngozi, hiyo iache. Mwili mwingine wa mtoto ufunikwe asipatwe na baridi. Baadaye funika jeraha kwa kitambaa safi bila kukaza, malengelenge usiyatumbue, uende hospitali. Ukiungua usoni, mikononi, kwenye maungio au sehemu za siri, nenda hata kama jeraha ni dogo.

Tangu siku ile nimekuwa nikituangalia tunavyosaidiana, Mhariri, na nimeona tuna ugonjwa mmoja: tusipoweka kitu, tunaona hatujasaidia. Juzijuzi mteja wangu alianguka kifafa kwenye benchi. Mwanamume mmoja akarukia kijiko changu cha pilau amtie mdomoni, eti asimeze ulimi. Ulimi haumezwi. Kijiko kinavunja meno na kinaweza kumpalia. Nilikipokonya, nikasukuma meza pembeni, nikamwekea kitenge chini ya kichwa, na mtukutiko ulipoisha tukamlaza ubavu. Haikufika dakika tatu. Ingepita tano tungemkimbiza hospitali. Waliosimama mbali wakiogopa povu nawaambia hapa: kifafa hakiambukizi kwa povu.

Mjomba wangu naye aling'atwa na kifutu shambani, wilaya ya Bahi. Wakamfunga kamba ya katani chini ya goti, ikakazwa kwa kijiti, wakamchanja kwa wembe na kumbandika jiwe jeusi. Jiwe halifyonzi sumu. Sumu ya kifutu inaozesha nyama, na kamba ikikata damu inaongeza kuoza kule kule. Amebaki na vidole vitatu mguu ule. Angelazwa atulie, mguu ukaegemezwa kwenye ubao na kufungwa kwa kulegea ili usichezechezwe, akapelekwa moja kwa moja hospitalini, labda leo angekuwa anavaa kiatu. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, kwa hiyo si jambo la wakulima wa Bahi peke yao.

Hata pua za watoto, zinazotoka damu kila kiangazi kwa ukavu wa hewa yetu, tunaziinua juu na kumwagia kichwa maji. Mtoto ainamie mbele, umbane sehemu laini ya pua dakika 10 mpaka 15 bila kuchungulia. Basi.

Ombi langu ni dogo. Chama cha Msalaba Mwekundu na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanafundisha huduma ya kwanza. Tunaomba waje sokoni, na waje saa tisa alasiri, wateja wakishapungua, si asubuhi tukiwa na chapati kwenye kikaango. Wasituletee makabrasha. Watuoneshe kwa mikono, na wale vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani wawepo, maana ndio wanaobeba majeruhi.

Mkono wa mtoto umepona, umebaki na alama kama ramani juu ya kiganja. Mimi nimenunua ndoo ya njano ya lita 20 yenye mfuniko, ninaijaza kila alfajiri na kuiweka chini ya meza, kopo likiwa juu yake. Wateja wanaomba kunawia maji yake na nawakatalia. Jana mmoja ameniita mchoyo, akahamia kwa jirani.

Mama lishe,
Soko la Sabasaba, Dodoma