Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: mkwe wangu na mkaza mwanangu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia wewe na si Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano.

Wanangu wawili wamepata wenzao Vanga, ng'ambo huko Kenya. Wa kiume kamleta mkewe hapa Wete, na kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kinampa mke huyo haki ya kuomba uraia wakati wowote maadamu mumewe yu hai. Wa kike kaolewa na kijana wa mtaa uleule, lakini kwa mume kifungu kimenyamaza. Mkwe wangu apite njia ya mgeni yeyote: miezi 12 mfululizo nchini, na kabla ya hapo miaka 7 ndani ya 10, huku akilipia vibali vya ukaazi kwa pato la mvuvi. Lau angehamia binti yangu kwao, Katiba ya Kenya ya 2010 ingemruhusu kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, na ingekuwa hivyohivyo kwa mwanamume.

Sibishi kuwa dola ndiyo inayoamua nani aingie. Hata majaji hawabishi. Mwaka 1985, katika kesi ya Abdulaziz, Cabales na Balkandali, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema nchi hailazimiki kuwakubalia wanandoa wakae popote wapendapo. Uingereza ilishindwa kwa kuwa iliwarahisishia wanaume kuleta wake na kuwawekea ugumu wanawake kuleta waume. Zimbabwe nayo ilishindwa mwaka 1994 katika kesi ya Rattigan: Mahakama ya Juu iliona kwamba haki ya mwanamke raia kuishi kwao huvunjwa mumewe akikataliwa. Na Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda familia ya kila mtu na unyumba wake.

Kinachonitia hofu ni yaliyofuata. Uingereza ilileta usawa kwa kuwabana na wake. Zimbabwe ikabadili katiba mwaka 1996 ili kuitangua hukumu hiyo. Ndiyo maana naomba mapema: muswada ukienda Bungeni, kifungu cha 11 kiwafikie waume bila kuwanyang'anya wake walichonacho. Kama mnachelea ndoa za kununua uraia, zichunguzeni zote, za wake na za waume. Sheha, kiongozi wa mtaa, yupo, na hapa kwetu anajua nani analala nyumba gani.

Wako,
Mzee wa Wete, Pemba