Jumamosi tunakuwa wahakiki

Shikamooni walimu, habari zenu vijana. Jumamosi saa 3 asubuhi, ukumbi ule ule wa Kirumba. Kila kundi lije na ripoti yake ya jaribio la kukausha dagaa, nakala mbili, BILA majina. Mimi ndiye mhariri: nitazigawa, na hutajua unayoihakiki ni ya nani.

Mhakiki halipwi, wala kazi yake si kusahihisha herufi. Anatazama kama ushahidi unabeba hitimisho. Mfano, ripoti moja inasema dagaa wa kwenye chanja walikauka haraka kuliko wa mchangani. Sawa, lakini walianikwa siku moja? Mlijuaje wamekauka, kwa mizani au kwa kushikashika? Andika hivyo, kwa adabu. "Hovyo" siyo uhakiki, na "nzuri sana" pia siyo (hii ndiyo inanikera zaidi).

Ukikosolewa usinune. Mwaka 1936 Einstein alinuna, akaondoa makala yake kwenye jarida la fizikia la Physical Review kwa sababu mhariri aliipeleka kwa mhakiki bila kumwambia. Na mhakiki ndiye alikuwa sahihi!

Chai ipo, nauli kila mtu ajitegemee. Wa Nyegezi wahini, daladala za asubuhi mnazijua.