Risiti ya M-Pesa haitafutwi kwa kuhesabu nafasi

Mhariri,

Kurasa zenu za teknolojia huwahimiza vijana wajifunze kuandika programu, na ni jambo jema. Ila kuna somo linalofundishwa juu juu, na athari zake huonekana pale mteja anapolipa na oda yake isifunguke: namna ya kutafuta kitu katika data iliyopangwa tabaka ndani ya tabaka. Nachukua mfano unaomkuta kila anayeunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa hapa Kenya, na lugha ya Clojure, ambayo ni ya kifanksheni na ilitolewa mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza.

Mteja akishaweka namba yake ya siri, mfumo wa Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa, hutuma ujumbe wa JSON (data ya maandishi yenye majina na thamani) kwenye seva ya muuzaji. Risiti haiko juu. Unafungua Body, humo mna stkCallback, humo mna CallbackMetadata, na humo mna Item. Hapo sura inabadilika: Item si mapu (jozi za ufunguo na thamani) yenye ufunguo wa risiti, bali ni orodha ya mapu ndogondogo, kila moja ikiwa na Name na Value. Kiasi kimo katika ile ambayo Name yake ni Amount, risiti katika ile ya MpesaReceiptNumber, na namba ya simu katika ile ya PhoneNumber.

Wengi hutumia get-in, fanksheni inayoshuka tabaka kwa tabaka kwa njia uliyoipa, na kuipa njia nzima hadi namba ya nafasi, hesabu ikianzia 0: 1 ni risiti, 2 ni tarehe. Siku ya majaribio kila kitu huenda sawa. Kisha huingia ujumbe wenye kipengele cha Balance (salio), kimekaa baada ya risiti na hakina Value hata kidogo. Nafasi ya 2 sasa ni Balance, tarehe imesukumwa hadi ya 3, na programu inaandika tarehe tupu kwenye hifadhidata bila kulalamika.

Huko kutolalamika ndiko kunakosumbua. Get-in ikikosa ufunguo popote njiani hurudisha nil, yaani "hakuna kitu", na nil hiyo hiyo hutoka kwa sababu zisizofanana kabisa. Mteja akighairi malipo, ResultCode huwa 1032 na CallbackMetadata haiji; hiyo ni nil halali, na inabidi ResultCode isomwe kwanza kabla ya kugusa kingine chochote. Lakini kama kisoma JSON kimeachwa kitoe funguo za maandishi ya kawaida, nawe unatafuta kwa kiwodi (keyword), yaani majina yenye nukta pacha mbele, utapata nil kwa kila ujumbe, uliolipwa na usiolipwa. Jambo la tatu ni gumu zaidi kuligundua: get hufikia vekta (mpangilio wa vitu unaofikiwa kwa namba) kwa namba ya nafasi, lakini haifikii orodha ya kawaida wala mfuatano mvivu, ule unaokokotolewa pale tu unapohitajika. Ukipitisha Item kwenye filter, inayochuja, au map, inayobadilisha kila kitu kimoja kimoja, kinachotoka si vekta tena, na get-in yenye namba itarudisha nil ingawa ukichapisha data hiyo kwenye skrini unakiona kitu chenyewe. Filterv na mapv huirudisha ikiwa vekta. Anayeshika orodha atumie nth, inayochukua kitu kwa namba yake, ambayo namba ikipita mwisho hurusha kosa waziwazi, na hilo ni afadhali.

Get-in hupokea pia kitu cha mwisho: jibu la kutolewa njia inapokatika. Wachache hulitumia. Ipe kiwodi ambayo haiwezi kutokea kwenye data, tuseme ::haipo, na mara moja utajua kama ufunguo haukuwapo au ulikuwapo ukiwa na null, yaani thamani tupu ya JSON. Angalizo: ufunguo ukiwapo na thamani yake ni null, get-in hurudisha nil, wala haitoi hilo jibu la akiba. Kwa kazi yetu hiyo ni faida.

Dawa ya kuhesabu nafasi ni kutafuta kwa sura ya kitu chenyewe. Fanksheni ya tree-seq huulizwa mambo mawili, kipi kina watoto na watoto hupatikanaje, kisha hupewa data, nayo hutandaza matabaka yote yawe mfuatano mmoja, mzazi kabla ya watoto wake:

(->> (tree-seq coll? seq data)
     (filter map?)
     (filter #(= "MpesaReceiptNumber" (get % "Name")))
     (map #(get % "Value")))

Haijalishi Balance imekaa wapi au kama haipo. Mfuatano huu ni mvivu, kwa hiyo ukiomba first, yaani cha kwanza, hautembei data yote bure. Filter ya map?, inayobakiza mapu pekee, haipo kwa mapambo: coll?, inayouliza kama kitu ni mkusanyiko, hukubali pia jozi za ufunguo na thamani, kwa kuwa Clojure huzihesabu kama vekta, na bila kichujio hicho utakuwa unachambua vitu ambavyo hukuvikusudia.

Hata hivyo, kutafuta kila mahali kuna hatari yake. Jina kama Amount au id laweza kuwa katika matabaka mawili yenye maana tofauti, na first ikachukua lililotangulia. Lipi litangulie? Mapu ndogo, kwa kawaida hadi jozi 8, hushika mpangilio wa kuingizwa. Ikizidi hapo hugeuka mapu ya heshi, inayopanga funguo kwa namba za kukokotoa, na mpangilio haudhaminiwi. Yaani mtu mwingine akiongeza ufunguo wa 9, utafutaji wako unaweza kuanza kutoa jibu jingine, na hakuna mstari wako uliobadilika. Kwa maoni yangu, mchanganyiko ndio bora: shuka kwa get-in hadi Item, maana sehemu hiyo ya njia inajulikana, kisha ndani ya Item tafuta kwa Name. Tree-seq ibaki kwa data usiyoijua umbo. Na usimalizie kwa some, inayotoa jibu la kwanza lisilo nil wala false, pale thamani inayotafutwa inaweza kuwa false, kwani some huiruka kana kwamba haikuonekana.

Anayetaka kubadilisha alichokipata atumie postwalk, inayobadilisha data kuanzia ndani kwenda nje, si prewalk, inayoanzia nje kwenda ndani, asipokuwa na sababu. Prewalk huingia tena ndani ya kile ulichokiweka. Ukiifunga mapu ndani ya mapu nyingine, itaikuta ile ya ndani, iifunge tena, na haitakoma hadi staki, kumbukumbu ya fanksheni zinazoitana, ijae. Postwalk nayo hujiita kila tabaka, hivyo kwa data yenye kina cha maelfu ya matabaka andika loop na recur (mzunguko usiojaza staki) ukishika mwenyewe orodha ya vilivyobaki. Ujumbe wa malipo haufiki huko. Na assoc-in, inayoweka thamani mwishoni mwa njia, iogopeni: njia ikiwa haipo, huijenga kwa mapu, hivyo namba 0 uliyodhani ni nafasi ya kwanza ya vekta huwa ufunguo wa mapu, na hitilafu huja kuonekana mbali na ilikotokea.

Kwa wanaofundisha: wapeni wanafunzi jumbe tatu badala ya moja. Wa kwanza uwe umelipwa bila Balance, wa pili umelipwa ukiwa na Balance isiyo na Value, wa tatu umeghairiwa kwa 1032. Msimbo unaopokea wa kwanza pekee usipewe alama, na ule unaotoa nil kwa wa tatu bila kusoma ResultCode usipewe pia.

Mhandisi wa programu,
Mombasa