Kuhusu panya wako wa ukingoni

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Natumai wewe na jamaa wote hamjambo. Sisi huku tu wazima, na nyumbani wanakusalimu. Nimekawia kujibu, lakini ripoti yako nimeisoma yote, na kuna jambo ndani yake lililoninyima raha, nikaona heri nikuandikie kabla hujaikabidhi kwa wakubwa.

Unasema ukingo wa shamba ulioota magugu ni makazi bora ya panya kuliko uwanda wa nyasi ndefu, kwa sababu mitego ya ukingoni ilijaa na ile ya nyasini ikanasa wachache. Hesabu yako siipingi. Ninachokipinga ni hiyo "kwa sababu". Mwanaikolojia Beatrice Van Horne alilionya jambo hili mwaka 1983, na hoja yake haina ugumu: panya wakubwa hushika makazi mazuri na kuwafukuza wadogo, na hao wadogo, hasa baada ya msimu wa kuzaana, husongamana mahali pabaya ambapo hakuna wa kuwazuia. Ukitega wakati huo, utakuta pabaya pamefurika na pazuri pana nafasi. Ni sawa na kuusifu ukumbi kwa wingi wa watu waliojibanza humo kukwepa mvua.

Tena pabaya panaweza kuonekana pamejaa miaka nenda miaka rudi, ingawa wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa, mradi tu wahamiaji wanazidi kumiminika kutoka jirani. Mwanaikolojia mwingine, Pulliam, aliliandika hilo mwaka 1988. Basi uwanda wako wa nyasi ukifyekwa, huenda na ukingo unaousifia ukabaki mtupu baada ya muda, na hapo ndipo mapendekezo ya ukurasa wako wa mwisho yanaponitia hofu.

Hata wingi ndani ya makazi mazuri una vituko vyake. Charles Krebs na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1969, waliwazungushia uzio panya wa nyasi wa jenasi Microtus huko Indiana, Marekani. Nyasi zilikuwa zile zile za nje, lakini kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuhama, idadi ilipanda kupita kiasi hadi wakaharibu malisho yao wenyewe. Hesabu ilipanda, makazi yakaharibika. Sasa hapo tungeandika nini kwenye jedwali?

Majedwali ya Mwanaidi katika ripoti yako ni safi kama kawaida yake, ila uzito wa wanyama kauficha kwenye kiambatisho, nami naona hapo ndipo penye habari yenyewe. Jike ukimgeuza tumbo juu na kukuta chuchu zimevimba na manyoya yamelika kuzizunguka, huyo ananyonyesha, na kwangu majike watano wa namna hiyo wana maana kubwa kuliko vijana ishirini waliokonda. Vivyo hivyo dume mwenye alama sikioni anayenaswa tena mwezi baada ya mwezi anatuambia kwamba mahali hapo pana chakula na maficho ya kumkinga na bundi. Magugu ya ukingoni yana mbegu nyingi, sikatai, lakini yakishakauka na jembe likapita, maficho huondoka siku hiyo hiyo.

Nakuomba, kabla ya jambo lolote, unitumie daftari la uzito kama lilivyo, hata kama lina matope. Na unijibu haya: ulitega kabla ya msimu wa kuzaana au baada yake? Kati ya wale wa ukingoni, vijana walikuwa wangapi, na wangapi kati yao mliwaona tena? Mitego iliyofyatuka mitupu mliitoa kwenye hesabu, au mliiacha kama iliyokaa wazi usiku kucha? Chambo cha nyasini hakikuliwa na siafu, kama yule mzee wetu alivyokuwa akilalamika? Na je, wakubwa watakubali kuahirisha uamuzi hadi tutege msimu mmoja zaidi, au nimwandikie mimi Bwana Shaibu, maana wewe najua utaona haya?

Ni mimi nduguyo,
Sefu