Asha, ukifika Manaus usikimbilie msituni

Melini, tukishuka Mto Amazon
Machi

Mwandani wangu Asha,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wenzako wote wa zamu. Mimi sijambo, kazi ya mikate inaendelea na afya ninayo. Ujumbe wako niliupata tukiwa bado tumefunga Manaus, mji wa Brazil, nikaona swali lako si la kujibiwa kwa maneno mawili matatu. Unasema meli yenu itapita huko Aprili, mtapewa ruhusa ya kushuka kutwa moja, na wenzako wamekwisha kuanza kuchanga pesa za boti ya kwenda kutazama msitu. Unauliza kama na wewe utoe. Dada, usitoe. Baki mjini.

Najua hilo linasikika vibaya. Mtu afike katikati ya Amazon kisha aanze kuzunguka barabarani? Lakini fikiria njia mtakayopita. Kutoka baharini hadi Manaus ni karibu kilomita 1,500 za mto, na meli kubwa kama zetu huzipanda zote. Marubani wa mto huingia melini karibu na Macapá, na kuanzia hapo wao ndio macho ya nahodha, kwa sababu mafungu ya mchanga huko chini huhama kila msimu. Kuna mahali mto ni mpana hata ukingo wa pili hauonekani sawasawa, na kuna mahali miti inasogea mpaka unawaona watoto wamekuja na mitumbwi kuipungia meli. Wakati huu maji yanapanda, kwa hiyo msitu wa kingoni wenyewe umesimama majini. Usiku taa za sitaha hupunguzwa kwa ajili ya wadudu. Basi wewe jitahidi upande juu alfajiri kabla ya zamu, ukae kimya tu. Msitu utauona na kuusikia kwa siku nzima, bila kulipa, bila mtu wa kukuharakisha.

Na hizo boti za bei nafuu ziulizie vizuri kabla mtu hajatoa pesa yake. Baadhi yao huwapeleka wageni mahali wanapokabidhiwa wanyama wa porini wawashike wapigwe picha, majoka makubwa na vitoto vya wanyama. Wanyama hao wametolewa msituni kwa kazi hiyo, wanashikwa na mikono hii na hii mpaka jioni. Mimi nisingependa mkono wako uwemo.

Hata ule mkutano wa maji, mahali mito miwili inapokutana, usiulipie. Meli inapita hapohapo, muda mfupi kabla ya Manaus. Mwulize mtu wa darajani, pale meli inapoongozwa, saa ngapi, umwombe mwenzako akushikie kazi robo saa. Upande mmoja ni Rio Negro, maji meusi kama chai ya rangi. Upande wa pili ni Solimões, maji ya rangi ya udongo. Yanakwenda pamoja bega kwa bega, kilomita 6 hivi, hayachanganyiki. Solimões hutoka milima ya Andes na imebeba tope zito, ina ubaridi wa nyuzi 22 hivi, tena ina haraka, kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Rio Negro haina tope. Weusi wake unatokana na majani na mimea iliyooza kwenye misitu ya ardhi ya kichanga inakopita. Nayo ni vuguvugu, kama nyuzi 28, na mwendo wake ni kilomita 2 tu kwa saa. Ndiyo maana inachukua muda mrefu kukubaliana. Kwa Wabrazili jina la Amazon linaanza hapo, mito hiyo miwili inapokutana. Nilisimama nikatazama mpaka tukapita, na nakuambia ukweli, machozi yalinilengalenga.

Sasa njoo mjini. Ukishuka, tazama kwanza unachokanyaga. Gati ya Manaus inaelea. Waingereza waliijenga mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa sababu gati ya kawaida isingefaa kitu: maji ya hapo hupanda na kushuka kiasi cha mita 10 na zaidi kati ya Juni na mwisho wa mwaka. Wakati wa maji makubwa unatembea karibu sawa na barabara. Maji yakipwa, daraja la kukutoa gatini linakuwa mlima. Pale bandarini kuna ukuta ulioandikwa miaka na vipimo vya maji. Watu wa safari za basi wanaupita bila kugeuza shingo. Mimi nilikaa mbele yake kuliko nilivyokaa mahali pengine popote.

Wamekuwa wakipima tangu 1902. Mwaka 2012 maji yalifika mita 29.97 kwa kipimo cha bandari, wakasema hayajawahi kuonekana. Mwaka 2021 yakafika 30.02, barabara za katikati ya mji zikageuka mifereji, wenye maduka wakatembea juu ya mbao. Kisha 2023, miaka miwili tu baadaye, ukame ukaja wa kutisha: mto ukashuka hadi mita 12.70, chini kuliko wakati wowote tangu waanze kupima. Boti zilikwama kwenye mchanga, vijiji vikakatika na mji, watu waliozungukwa na mto mkubwa kuliko yote duniani wakawa hawana maji ya kunywa. Huko Tefé, juu zaidi, maji ya ziwa yalipata joto la nyuzi 39 na pomboo zaidi ya 100 wakafa kwa siku chache. Na 2024 mto ukashuka tena, chini ya hapo. Asha, sisi tunaoishi juu ya maji tunajua kupwa na kujaa. Lakini kule bahari inakwenda na kurudi kwa saa zake. Hapa nilikuwa natazama mto uliopoteza hesabu yake, na watu milioni 2 wanaoutegemea kwa chakula, kwa usafiri, kwa kila kitu.

Maana barabara hawana za kutosha. Ipo inayokwenda kaskazini, kuelekea Boa Vista na mpaka wa Venezuela. Ya kusini, BR-319 hadi Porto Velho, sehemu yake ya kati ni tope wakati wa mvua. Kwa hiyo mto ndio barabara. Ukitoka gatini geukia upande zilikofunga boti za abiria, zile za mbao na chuma zenye sakafu mbili au tatu. Ndani hakuna viti. Kila abiria anafunga bembea yake ya kitambaa kwenye kenchi, nyekundu, ya kijani, ya mistari, zimebanana mpaka viwiko vinagusana, na chini yake wamepanga mizigo, kuku, friji, magurudumu ya pikipiki. Wengine wanasafiri siku nyingi hivyo kurudi kwao. Nilimsaidia mama mmoja kupandisha gunia la unga wa muhogo. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini unga tuliujua wote.

Soko lipo jirani, Mercado Adolpho Lisboa, la mwaka 1883, jengo la chuma na vioo vya rangi lililofuata mtindo wa soko kuu la Paris la wakati ule. Nenda asubuhi, upande wa samaki. Wewe mtu wa vyumba unaweza kuona ni samaki tu, lakini mimi wa jikoni nilishindwa kuondoka. Kuna pirarucu, samaki anayeweza kuzidi urefu wa mita 2, ambaye lazima apande juu kuvuta hewa. Kuna tambaqui, ambaye ndiye ninayetaka umle. Tambaqui ana meno ya kusagia, kwa sababu maji yanapoingia msituni yeye huingia nayo, akakaa chini ya miti akisubiri matunda na mbegu zidondoke. Mbavu zake wanazichoma juu ya makaa zikiwa na mafuta yake, unakula na unga wa muhogo uliokaangwa. Nyama ni nene, tamu, haina harufu ya tope hata kidogo. Ukimla huyo, Asha, msitu umeuingia kuliko yeyote aliyekaa kwenye boti.

Kutoka sokoni panda juu mpaka uwanja wa São Sebastião, si mbali. Chini pametandazwa vijiwe vyeusi na vyeupe kwa mawimbi, wenyeji wanasema ni ile mito miwili. Na mbele yako utaona Teatro Amazonas, jumba la opera lenye kuba la vigae 36,000 vya rangi za bendera ya Brazil. Lilifunguliwa tarehe 31 Desemba 1896. Ingia na ukatishe tiketi ya kuzungushwa ndani. Marumaru ya Italia, chuma cha Uskoti, taa za kioo za Murano, na dari iliyochorwa hivi kwamba ukiinua uso unajiona umesimama chini ya mnara wa Eiffel. Pazia la jukwaani limechorwa mkutano wa maji. Ni jumba zuri, sitaki kukudanganya. Kinachoniuma ni namna wanavyolisimulia, kana kwamba liliota lenyewe kwa bahati ya mji.

Lilijengwa kwa mpira. Miaka ile dunia ilihitaji mpira kwa matairi ya baiskeli, kisha ya magari, na mti wake ulio bora ulikuwa huko tu. Wavuna utomvu wengi walikuwa maskini waliokimbia ukame wa Ceará, jimbo la kaskazini mashariki mwa Brazil, ule mkubwa ulioanza 1877. Mtu alipelekwa ndani kabisa ya msitu, akakopeshwa kisu, ndoo, chumvi na unga kwa bei anayoitaka bwana, akauza utomvu kwa bwana yuleyule kwa bei anayoitaka bwana. Alitoka gizani kuchanja miti, mchana akakausha utomvu juu ya moshi, na mwisho wa msimu deni lilikuwa limekua. Wenyeji wa asili wa msitu walifanyiwa mabaya zaidi. Kwenye mto Putumayo waliuawa, wakapigwa na kulazwa njaa na kampuni iliyosajiliwa London.

Na hapa ndipo moyo uliponidunda. Aliyetumwa kuchunguza Putumayo mwaka 1910 alikuwa Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza. Ndiye huyohuyo aliyeandika ile ripoti ya 1904 juu ya Kongo, watu walivyokatwa mikono kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mpira huohuo, njaa ileile ya viwanda vya Ulaya, ndugu zetu upande wa Afrika na watu hawa upande ule, kwa miaka ileile. Sikuhisi ugeni tena mahali pale. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi za jumba nikawafikiria wote.

Utajiri wenyewe haukudumu. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amechukua mbegu kama 70,000 za mti wa mpira akazipeleka London, na miche ikasafirishwa Ceylon na Malaya, yaani Sri Lanka na Malaysia za leo. Kule ilipandwa mistari kwa mistari, kwa kuwa ugonjwa wa majani unaoishambulia miti hiyo kule Amazon haukuwapo. Kufikia 1913 mpira wa Asia ulikuwa umeupita wa Brazil, na Manaus ikafilisika. Jumba la opera likakaa kimya miaka mingi. Siku hizi kuna tamasha la opera kila mwaka, huwa karibu na wakati wenu, kwa hiyo chungulia ratiba mlangoni. Mji wenyewe ulifufuliwa na eneo huru la biashara la 1967. Pikipiki na televisheni za Brazil nyingi zinaundwa huko. Upande huo wa viwanda sikufika, wala sikuona haja.

Jioni, kabla ya kurudi melini, kaa hapo uwanjani unywe tacacá. Ni mchuzi wa njano wa maji ya muhogo yaliyochemshwa sana hadi sumu ikatoka, una ute wa wanga, kamba wakavu, na majani yanayoitwa jambu. Unapewa ndani ya kibuyu. Majani hayo yatakutia ganzi ulimini na midomoni, usiogope, ndivyo yalivyo. Wanakunywa moto hata kukiwa na joto kali, nami nikaona wana haki.

Mambo madogo. Badilisha pesa upate reali za noti ndogo, maana wauza vyakula hawana chenji. Cheti cha homa ya manjano kiwe na wewe pamoja na kitambulisho cha meli. Mvua itanyesha, beba mwavuli. Saa ya mjini huenda isilingane na ya melini, angalia kabla ya kushuka. Na kama wenzako wanakata tamaa kwa kuikosa boti, waambie yapo makumbusho ya Museu da Amazônia, pembezoni mwa mji, yenye mnara wa mita 42 unaopanda mpaka juu ya vilele vya miti. Gari la kukodi linawafikisha.

Sisi kesho tuna Santarém, kisha baharini moja kwa moja. Nitakuwa na mtandao tukifika Barbados, niandikie huko uniambie umeamua nini na kama Mariamu naye anashuka. Wasalimie wote wa vyumbani.

Mwenzako,
Rukia